Kwa Nini Mama Sungura Hujinyonyoa Manyoya

Zamani sana, milima hii ya Upare ilipokuwa na msitu mpaka mabondeni, sungura hakujua kujificha. Alizaa mara moja kwa mwaka, watoto wawili tu, nao walizaliwa wakiwa na manyoya kamili na macho wazi. Alijilaza nao juani kama mbuzi, wakanyonya wapendavyo, asubuhi, mchana na jioni, huku mama yao akitafuna majani bila haraka. Kiota hakuwa nacho, wala hakuwa na sababu ya kuwa nacho.

Haya nilisimuliwa na shangazi yangu, aliyefuga sungura mpaka mikono yake ilipokataa kukata majani. Nami nawasimulia nyinyi, kina mama wenzangu, na wewe Nanzia uliyekuja na wasiwasi wa sungura wako aliyezaa, kama nilivyosikia kwake.

Ukafika mwaka wa mvua ya mawe. Ilianguka mchana mmoja tu, lakini mawe yake yalikuwa makubwa kama mayai ya kanga, na mama sungura alikuwa uwandani na watoto wake wawili. Aliwafunika kwa mwili wake. Mmoja akatoka kwa woga na kukimbia, mama akamkimbilia, na yule aliyebaki akakosa wa kumfunika. Mvua ilipokatika, wote wawili walikuwa wamekufa.

Siku saba alikaa pale pale bila kula. Ya nane akapanda mlima mpaka kileleni, mahali ambapo wanyama wa wakati ule walikwenda kusema na Muumba.

"Ee Muumba," alisema, "nimekaa siku saba na maziwa yasiyo na mnyonyaji. Mwaka mzima ni mrefu mno kungoja. Nipe uzazi usiokatika. Hata nikiwa nanyonyesha hawa, wengine wawe njiani."

Muumba akamjibu, "Nikikupa hilo, utachoka kuliko mama wote niliowaumba."

"Nitachoka."

"Na watoto wakija upesi hivyo, watakuja kabla sijamaliza kuwavika."

"Nitawavika mimi," sungura akasema, ingawa hakujua atawavika nini.

Akapewa. Mwezi haukuisha akazaa watoto saba. Walikuwa uchi, wekundu kama kidole cha mtoto mchanga, macho yamefumba. Bahati yao, jua la miezi ile lilikuwa kali, wakakua vizuri na kuota manyoya. Mama yao alifurahi asikumbuke tena kuhesabu siku. Alikuwa bado anawanyonyesha alipojisikia mzito, na siku moja, wale saba wakiwa wamemzunguka, uchungu ukamshika. Wakazaliwa wengine sita.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Wakubwa walikuwa wamezoea titi, hawakutaka kusikia habari ya majani. Mama akijilaza tu, walimrukia wote saba, wakiwakanyaga wale wadogo waliokuwa hawajui hata kutambaa. Maziwa yote yaliishia kwa wakubwa. Ulikuwa mwezi wa ukungu, ule baridi inapoingia mpaka kwenye mifupa, na wadogo walikuwa uchi. Siku ya pili akafa mmoja, ya tatu akafa mwingine. Wakabaki wanne. Mama mwenyewe alikonda mpaka mbavu zikahesabika. Hasira aliyowaonea wakubwa ilimfanya aone aibu, maana nao walikuwa wanawe.

Asubuhi ya nne njaa ilimshusha bondeni, akaingia shamba la maharage la mtu mmoja aitwaye Mrutu. Hakuwa na nguvu ya kukimbia. Mrutu alimkamata kwa mikono mitupu.

"Leo tuna kitoweo!" alimwita mkewe.

Mkewe aliitwa Nakijwa. Alikuja kutoka upande wa migomba, mtoto mchanga mgongoni na mwingine, Kiondo, wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, akiwa ameshika vazi lake. Alimtazama yule mnyama aliyening'inia mkononi mwa mumewe, kisha akaangalia chini ya tumbo lake. Matiti yalikuwa yamelowa.

"Baba Kiondo, huyu ananyonyesha."

"Ananyonyesha maharage yetu. Tazama mistari miwili yote hii imeisha."

"Nipe nimshike."

"Ili umwachie?"

"Nipe kwanza."

Mrutu hakumpa. Ndipo sungura, ambaye wakati ule alisema na watu kama ninavyosema nanyi, akanena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa: "Mama, mkinichinja si neno. Lakini juu kule chini ya mwamba nina wanne wasio na nguo na saba wasioachia titi. Nenda uwachukue, angalau wasife na baridi."

Nakijwa alimgusa Kiondo kichwani. Mwaka uliotangulia naye alipata mimba Kiondo akiwa bado ananyonya. Watu walimsema. Walisema amembemenda mtoto kwa mimba ya haraka, kwamba Kiondo hatapata kutembea, na wengine walimcheka mbele yake kisimani. Kiondo alidhoofika kweli, na Nakijwa mwenyewe ilifika siku alishindwa kuinua mtungi. Aliyewaponya ni mama mkwe wake, Bibi Nambua. Alimchukua Kiondo akalala naye nyumbani kwake, akamlisha uji na ndizi zilizopondwa, na kila asubuhi akamletea Nakijwa mchuzi na majani ya mchunga, ile mboga chungu ya mwituni, mpaka alipojifungua salama.

"Baba Kiondo," Nakijwa akasema, "mwaka jana nilikula chakula cha watu miezi minne bila kushika jembe. Mama yako aliniuliza nimekula mistari mingapi?"

Mrutu aliinamisha macho. Akamtazama Kiondo, aliyekuwa sasa anachimba udongo kwa kijiti, miguu imara chini yake. Akamweka sungura mikononi mwa mkewe.

"Mwambie mama aje," alisema. "Mimi nitawafuata hao watoto."

Alipanda mwenyewe mpaka kwenye mwamba, akarudi na tenga kichwani. Wale saba walikuwa wakirukaruka ndani, na wale wanne alikuwa amewaweka kifuani, chini ya vazi lake, maana aliona wamepoa.

Bibi Nambua alipofika hakupoteza muda kushangaa. Kwanza alimwekea mama sungura majani ya mchunga na maji, akamwambia ale mpaka ashibe kabla ya mtu yeyote kumgusa. Kisha akamwambia Mrutu azungushie fito mahali nyuma ya jiko, wakubwa wakae huko na majani mengi.

"Watalia, mama," Mrutu akasema.

"Walie. Meno wanayo."

Wakalia siku nzima, wakijigonga kwenye fito na kumwita mama yao. Jioni yule mkubwa kuliko wote alinusa jani, akalitafuna, na wenzake wakamfuata. Sungura aliposikia sauti ya meno ile alifumba macho na kupumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Wadogo walikuwa kazi nyingine. Bibi Nambua aliwatandikia nyasi kavu kwenye tenga na kuliingiza kwenye kona ya jikoni isiyo na upepo, lakini nyasi hazikutosha. Walitetemeka tu. Nakijwa alifungua vazi lake la ngozi laini, lile alilombebea mtoto, akatafuta mahali pa kulichana.

"Usilichane," mama sungura akasema. "Hilo ni la mwanao."

"Wako watakufa."

"Nilimwambia Muumba kwamba nitawavika mimi."

Akainamisha kichwa, akashika manyoya ya kifuani mwake kwa meno, akavuta. Yalikuwa manyoya mazito kuliko yote mwilini, na yalitoka kwa maumivu. Akayaweka juu ya nyasi. Akavuta tena, na tena, kifuani, tumboni, mpaka ngozi ikaonekana na matiti yakawa wazi yote. Nakijwa alitaka kumzuia, mkono wa mama mkwe ukamgusa bega. Wote watatu, Mrutu akiwa mlangoni, walimtazama akiyafumua yale manyoya, akiyatandaza chini na mengine juu, mpaka watoto hawakuonekana tena, ila lundo laini jeupe lililopanda na kushuka kidogo kidogo kwa pumzi zao.

Nakijwa aliingiza mkono. "Wana joto!" alisema, akaanza kulia.

Lakini haikuishia hapo. Mama sungura, kwa woga wa yaliyopita, alitaka kukaa ndani ya tenga kutwa. Kila alipoingia na kutoka, wakubwa walimsikia. Siku ya pili wawili walipenya kwenye fito, wakamfuata mpaka kwa wadogo na kunyonya maziwa yote. Na si wao tu. Asubuhi hiyo Mrutu alikuta nyayo za kicheche, yule mnyama mdogo mla vifaranga, zimefuata njia ya sungura kutoka kwenye majani mpaka hatua chache kabla ya tenga.

Bibi Nambua akakaa chini mbele ya sungura kama anavyokaa mtu na binti yake.

"Mwanangu, wewe ndiye unayewaonyesha njia. Nenda kwao mara moja tu, alfajiri, wakubwa wakiwa wamelala. Wanyonyeshe washibe, wafunike, kisha ondoka ukakae mbali."

"Kutwa nzima? Watadhani nimewaacha."

"Wadhani. Ilimradi wawe hai."

Siku ile ilikuwa ngumu kuliko ya mvua ya mawe. Sungura alikaa upande wa pili wa ua, kichwa amekigeuzia tenga, masikio yamesimama. Mara mbili aliinuka na mara mbili Nakijwa akamwekea majani mbele yake, akakaa naye, akimnyonyesha mwanawe ili wawe wawili katika kungoja. Maziwa ya sungura, kwa kukaa muda mrefu bila kunyonywa, yalianza kuwa mazito, meupe kama mafuta yaliyoganda.

Alfajiri iliyofuata aliingia kwenye tenga, na muda mfupi akatoka. Nakijwa alifunua manyoya. Wale wanne walikuwa wamelala chali, matumbo yamevimba kama maharage yaliyolowekwa, hata mmoja hakulia. Walilala hivyo mpaka kesho yake. Siku ya kumi wakafumbua macho. Wiki ya tatu wakatoka wenyewe, manyoya yamewajaa, wakaenda moja kwa moja kwenye majani.

Hapo baba sungura, ambaye siku zote hizo hakuonekana, akaja akinusanusa ua. Mama sungura alimkimbiza mpaka kwenye migomba. Bibi Nambua alicheka sana, akamwambia Mrutu amjengee huyo bwana banda lake mwenyewe, mbali, akae huko mpaka kifua cha mkewe kiote manyoya tena.

Nakijwa alimuuliza sungura kama atapanda tena mlimani kuirudisha zawadi ile nzito.

"Siirudishi," akajibu. "Ila sitaibeba peke yangu. Mkinikubali, nitakaa hapa."

Wakamkubali.

Tangu siku hizo sungura huzaa watoto wasio na nguo, naye huwavika kwa manyoya ya kifua chake. Huwanyonyesha mara moja, upesi, kisha hukaa mbali nao, na maziwa yake ni mazito hata yanawatosha kutwa. Bado anaweza kubeba mimba huku ananyonyesha, kwa hiyo sisi tunaomfuga humtenga dume, huwahamisha wakubwa kabla wadogo hawajaja, humwandalia kiota kipya na kumwongezea majani, naye akishazaa mfululizo tunampumzisha. Na huku kwetu mwanamke akijikuta na mimba juu ya mtoto anayenyonya, hakuna anayemcheka kisimani. Jirani wa kwanza kusikia huja kumchukua yule mkubwa, na wa pili huja na mchunga.

Kwa hiyo, Nanzia, usihangaike na huyo sungura wako aliyekaa pembeni ya banda amewapa wanawe mgongo. Nenda taratibu, nawa mikono, uingize kidole chini ya manyoya. Kama kuna joto, funika, uende ukamkatie majani.