Ndege Sikioni mwa Mtemi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye meko na milango kama zetu, Mtemi Nyati alizeeka. Kuzeeka si kosa. Lakini huyu alisahau hata majina ya wake zake, na kila aliyemkumbusha alipigwa pembe, pu!

Kulikuwa na desturi. Kiangazi kikianza, mtemi hupanda juu ya kichuguu na kuulizwa mara tatu maji yako wapi. Anakotaja, ndiko wote wanakohamia. Akishindwa mara zote tatu, hushushwa akachaguliwa mwingine.

Mwaka uliopita alitaja Majani Marefu. Wakatembea siku tatu, na kule hawakukuta hata tone. Kitindamimba wa Bi Nguchiro alikufa kwa kiu mgongoni mwa mama yake.

Tangu siku hiyo Bi Nguchiro akawa analichunguza sikio la mtemi. Hapo alikaa Mlakupe, ndege anayekula kupe, akimnong'oneza kila jibu. Na huko Majani Marefu kupe walijaa tele!

Kiangazi kikarudi. Bi Nguchiro akamwendea Ngiri, mchafu kuliko wote.

"Shemeji, kesho usioge."

"Mimi? Niliwahi kuoga lini?"

"Basi njoo usimame mbele kabisa, karibu na kichuguu."

Kesho yake Pundamilia, mkuu wa baraza, akauliza, "Mtemi, maji yako wapi?"

Mlakupe akafungua mdomo anong'one. Mara akamwona Ngiri, kupe wamenona shingoni kama kunde zilizoloweshwa. Puruuu! Akamrukia.

Nyati akatega sikio. Kimya.

"Mtemi, maji yako wapi?"

"Nani anauliza? Nitawasaga! Nitawavunja wote!" Akakita kwato, kishindo ti! ti! Wanyama wakarudi nyuma.

"Mtemi," Pundamilia akasema, "kwa mara ya tatu, maji yako wapi?"

Nyati akageuka huku na huku. Hasira ikamwisha.

"Mwiteni mama," akasema taratibu. "Nina kiu. Mama anajua maji yalipo."

Mama yake alikufa kabla Pundamilia hajazaliwa. Bi Nguchiro alikuwa amejiandaa kucheka, lakini kicheko hakikuja. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi.

Wakamshusha. Swala akachaguliwa, akataja Chemchemi ya Mawe, mwendo wa nusu siku tu. Wote wakaitikia, "Ndiyo! Ndiyo!"

"Afadhali leo mmejionea wenyewe," Bi Nguchiro akawaambia wazee wa baraza.

Pundamilia akakohoa. "Ah, Bi Nguchiro, sisi tulijua tangu mwaka juzi kwamba hajiwezi. Hata hiyo chemchemi tuliijua. Lakini nani angesema apigwe pembe? Halafu, si unajua, malisho mazuri alikuwa anatugawia sisi."

"Mwaka juzi?"

"Mwaka juzi."

"Mwanangu alikufa mwaka jana."

Wazee wakainama, wakaanza kufunga mizigo ya safari.

Nami naishia hapo, wanangu, na funzo ni hili: mzee aliyepotewa na akili hana hatia kubwa kama ya wenye akili timamu waliomwacha kitini.