Mbeleko ya Mwajabu

Sogeeni karibu mnisaidie kesi moja. Nimeigeuza huku na huku, imenishinda.

Walikuwapo wanawake watatu katika hospitali moja. Daktari Kibibi, mtafiti, alikuwa na jicho: kivuli kwenye picha wanachokipita wengine, yeye anakiona. Mwantumu, mpiga eksirei, alikuwa na mkono mtulivu na ulimi wa kubembeleza. Daktari Tunu alikuwa fundi wa waya mwembamba. Anaupitisha mwilini bila kisu, huku akiufuata kwenye skrini.

Na alikuwapo Mwajabu, aliyetamani mtoto mpaka hamu ikawa inamuuma kifuani. Hospitali nyingine ilishampiga picha, ikamwambia mirija yake ya uzazi yote miwili imeziba, arudi nyumbani akapumzike. Apumzike! Kila Ijumaa alifungua sanduku, akatoa mbeleko aliyoachiwa na marehemu mama yake, akaianika juani, akaikunja tena. Majirani walijifanya hawaoni.

Siku moja simu ikalia. Daktari Kibibi alikuwa akipitia picha za zamani za wanawake waliokatishwa tamaa, kwa ajili ya utafiti wake, akakwama kwenye ya Mwajabu.

"Dada, picha hii siiamini. Huenda mwili ulijikaza kwa woga tu. Njoo upigwe upya."

Mwajabu akaenda na woga wake. Kitanda cha baridi, taa kali, yaleyale. Na majibu yangekuwa yaleyale, kama Mwantumu angeharakisha. Hakuharakisha. Aliipasha joto dawa ya kuonyesha mirija, akamfunika miguu kwa khanga, akamuuliza habari za kwao.

"Unataka wa kike au wa kiume?"

Mwajabu akacheka. Mwili ukalegea, dawa ikapenya. Mrija wa kulia ulikuwa umeziba kweli, lakini wa kushoto ulionyesha njia nyembamba kama uzi, kisha kizuizi kidogo.

Daktari Tunu akaupeleka waya wake mpaka pale. Ukagoma. Akaurudisha, akajaribu tena.

"Nikisukuma kwa nguvu natoboa, nikiacha ndiyo basi. Vumilia, mdogo wangu."

Mara kizuizi kikaachia, dawa ikamwagika upande wa pili. Mwajabu akaiona mwenyewe kwenye skrini, akalia kwa sauti.

Mtoto akaja, wa kike. Kwao Mwajabu, mama akitimiza siku arobaini tangu ajifungue, mtoto hupewa jina la mtu mmoja tu. Huyo ndiye somo wake, na ndiye humbeba mgongoni kwa mara ya kwanza.

Siku hiyo wote watatu walikuja, na hakuna aliyeomba kuwa somo. Lakini Daktari Kibibi alikuwa amekaa miaka na vivuli vya picha, hajawahi kumshika mtoto aliyetokana na kazi yake. Mwantumu alikuwa amezoea kuona wagonjwa wakipona wanamshukuru daktari, yeye hata jina hawalijui. Na Daktari Tunu alikuwa na mbeleko yake mwenyewe sandukuni, ila hakuna waya uliomfaa.

"Haya, mwanangu," akasema mama mkwe, "mtoto aitwe nani?"

Bila wa kwanza, Mwajabu asingeitwa. Bila wa pili, njia isingeonekana. Bila wa tatu, isingefunguka. Akasimama na mbeleko mkononi, akiwatazama wote watatu wanavyomtazama mtoto.

Msiniangalie mimi. Je, wewe ungeifunga mbeleko ile mgongoni mwa nani?