Kasuku wa Shaba na Amri ya Sultani

Hapo zamani palikuwa na mji ambao Sultani wake, Mwinyi Hatibu, aliwaachia raia wajichagulie liwali. Wakasimama wawili, Fumo Bakari mchimba visima na tajiri Nguluko. Basi Nguluko, alipoona watu wanamwelekea mwenzake, akanunua kwa mgeni mmoja kasuku wa shaba, ambaye akiisikia sauti ya mtu mara moja huiiga usiitofautishe, akasema lolote aambiwalo. Akamficha nyuma ya ukuta wa soko, watu wakasikia sauti ya Fumo ikisema kwamba akichaguliwa atavifunga visima na maji yatauzwa. Loo, mji ulichafuka! Fumo akaapa mpaka koo likamkauka, lakini nani amsikilize, na watu wamesikia kwa masikio yao wenyewe? Wakamtupia mawe hadi mlangoni kwake.

Mwishowe kasuku akakamatwa. Nguluko, mkavu wa macho, akasema kwamba kusema ni haki ya kila mtu, na kasuku wake naye ana mdomo. Sultani akaghadhibika, na hasira za wakubwa mnazijua, hazichagui pa kuangukia. Akatoa amri kwamba yeyote atakayesema kwa kinywa cha mwenzake, kwa kweli au kwa mzaha, akatwe ulimi.

Hapo ndipo alipoingia matatani Makungu, fukara asiye na hata mkeka, ambaye kula yake ilikuwa kuwaiga wakubwa kwenye harusi, na Sultani akiwa wa kwanza. Akaitwa barazani, kisu kimekwisha kunolewa.

"Makungu," akasema Sultani, "umenichezea vya kutosha. Niletee kabla ya jua kuchwa mtu mmoja mwema asemaye kwa kinywa cha mwenzake, nami nitaifuta amri. Ukimkosa, ulimi wako ndio utakaotangulia."

"Nimesikia na nimetii, bwana wangu."

Akatoka mbio, maana mzaha ni mzaha lakini ulimi ni mmoja. Hakufika mbali. Mpiga mbiu alikuwa njia panda, amekwisha kupuliza pembe, anatangaza kama ilivyo desturi yao tangu mababu: "Mimi Sultani wenu nasema, asemaye kwa kinywa cha mwenzake akatwe ulimi!" Makungu akamshika kanzu, akamkokota hadi barazani.

"Bwana wangu, mtu mwema huyu hapa. Nimemsikia akijiita Sultani."

Watu wa baraza wakajiziba midomo wasicheke. Sultani akasema kwamba huyo hamdanganyi mtu, hupuliza pembe kwanza, na kila mtu anamwona na kumjua.

"Nami harusini wananiona na kunijua, ndiyo maana wanacheka," akajibu Makungu. "Kasuku alifichwa ili asijulikane. Aliyemficha ndiye wa kuulizwa."

Sultani akacheka hadi kilemba kikalegea. Ikawa amri mpya: aigaye aige, ila ajionyeshe; na amsemeaye mwenzake uongo kwa siri, kama Nguluko, asiwe liwali maisha yake. Lakini mpiga mbiu alikuwa amekwisha kukiona kile kisu, akagoma kutangaza. Sultani akasema haya, nitakwenda mwenyewe, nani asiyeijua sauti yangu?

Akaenda na Makungu vichochoroni, jua kali, milango imefungwa, akanadi. Hakuna aliyefungua. Mwanamke mmoja akajibu toka ndani: "Makungu, hebu tuache tupumzike. Leo umemwiga hata kikohozi chake."

Sultani akanadi tena, wakamcheka nyumba nzima. Akasimama pale jasho likimtoka, na kwa mara ya kwanza akamwonea Fumo huruma. Akamwomba Makungu amsaidie. Makungu akausogelea mlango, akasema kwa sauti yake mwenyewe: "Mama, Makungu ni mimi. Huyo ni Sultani kweli."

"Nendeni zenu," akasema yule mama, "wewe na kasuku wako."

Basi Sultani akakaa kizingitini, akacheka mpaka machozi, kisha akainuka akaenda kwa miguu hadi kwa Fumo kumtaka radhi, kwa kuwa naye hakumsikiliza alipoapa.