Chura Mchagua Kaburi

Hapo zamani za kale, wakati Tembo bado anavaa kanzu na Kifaru bado anajua kucheka, palikuwa na kinamasi kikubwa kikiitwa Mafunjoni. Sogeeni karibu, wanangu. Na wewe huko nyuma, acha kumfinya mwenzako, maana hadithi hii ina matope na sitaki mtu ayakose.

Kinamasi hicho kilikuwa kizuri, nyie! Mafunjo marefu, maua ya yungiyungi, kambale wanene wenye masharubu. Kiangazi kikikaza na visima vyote vikikauka, wanyama wa kila upande walikuja kuchota maji hapo hapo. Ukingoni kabisa, chini ya majani mapana, aliishi Chura mmoja jina lake Bi Mashavu. Mwili mdogo, lakini mdomo! Akianza kuongea chai ikiwa ya moto, akimaliza imeshapoa.

Msimu huo Bi Mashavu alikuwa na furaha isiyo kifani. Watoto wake walikuwa ndiyo kwanza wametotolewa, viluwiluwi weusi tititi, mkia mtupu, mguu hata mmoja hawana. Kutwa nzima aliketi ukingoni akiwahesabu. Anakosea, anacheka, anaanza upya.

Kijiji kilichokuwa jirani na kinamasi kilikuwa na mkuu wake, Bwana Tembo. Si mbaya, Bwana Tembo. Ila alikuwa na tabia moja: hazunguki. Kuzunguka, alisema, ni kazi ya wadogo. Mkubwa hupita katikati. Pakiwa na kichaka, yeye katikati. Pakiwa na shamba la mtu, katikati, halafu anaomba radhi akiwa mbali.

Sasa siku moja alikuwa anakwenda kuwasalimu wakwe zake, ng'ambo ya kinamasi. Kanzu nyeupe pee, kofia ya viua, manukato mpaka nyuki wakamfuata. Akafika Mafunjoni, akaingia katikati. Chubwi! Mguu wa kwanza. Chubwi! Wa pili. Akazama, akajivuta, akazama tena. Alipotokea upande wa pili alikuwa mweusi kuanzia kidevuni hadi mkiani, na jani la yungiyungi limemganda shavuni.

Mama mkwe akatoka mlangoni, akamtazama.

"Karibu, baba," akasema. "Lakini kaa hapo hapo nje. Mkeka wangu ni mpya."

Jamani, kuambiwa hivyo na mama mkwe! Tembo alirudi nyumbani masikio yamelala. Kulipokucha akapiga mbiu: kinamasi kikaushwe! Uchimbwe mfereji, maji yote yamwagwe bondeni, na pale katikati ipite barabara iliyonyooka mpaka ukweni kwake.

Bi Mashavu aliposikia, moyo ulimpasuka. Maji yakitoka, watoto wasio na miguu watakwenda wapi? Watakaukia pale pale juu ya tope. Akamwita jirani yake Korongo, ambaye siku zote humsalimia kwa mbali, mnajua wenyewe kwa nini, na wote wawili wakaenda kwa mkuu.

"Hodi hodi!"

"Karibuni," akaitikia Tembo. "Kaeni, lakini msikae sana."

"Mkuu, tumekuja kuomba," akaanza Korongo. "Kinamasi ndicho kinachotunywesha wakati wa kiangazi. Ukikikausha tutakunywa nini?"

"Nitachimba kisima."

"Na samaki?"

"Watahama."

"Kwa miguu gani?" akadakia Bi Mashavu. "Na wanangu je? Mkuu, kule kando kuna nchi kavu. Barabara si ingezunguka tu?"

"Kuzunguka?" Tembo akanyanyuka, kiti kikalia nyeee! "Mimi? Nizunguke?"

Kifaru, msimamizi wa kazi, alikuwa amesimama mlangoni. Akacheka, "Ho! Ho! Ho! Mkuu azunguke kwa ajili ya vitu vyenye mkia bila miguu!"

"Mfereji unaanza kesho asubuhi," akasema Tembo. "Nisalimieni nyumbani."

Wakatoka. Korongo akakunja shingo, akasema hakuna jinsi tena, wao ni wadogo na maneno yao yameisha. Bi Mashavu alikwenda ukingoni kwake akakaa, akalia. Sitawaficha, alilia sana. Viluwiluwi wakaja juu kumtazama, vichwa vimebanana kama kunde sufuriani, wakidhani mama anacheza.

Ghafla akanyamaza. Akajifuta kamasi.

"Korongo! Njoo! Usinikaribie sana, lakini njoo! Hivi Tembo si mtani wetu?"

"Ni mtani wenu, ndiyo. Tangu enzi za mababu. Kwani?"

Ngojeni niwaeleze, maana nawaona wengine mnakodoa macho tu. Ukoo wa Chura na ukoo wa Tembo ni watani. Na mtani, wanangu, ana ruhusa. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako, akafunua chungu, akachukua paja la kuku na kukuambia umepika vibaya, nawe unacheka. Hata msibani, kaburi likishachimbwa, mtani anaweza kulala humo ndani akasema hatoki mpaka aridhishwe. Hapigwi, hatukanwi. Ukimkasirikia mtani wako, umejiaibisha wewe na ukoo wako mzima. Na Bwana Tembo alijisifu kila siku kwamba hakuna anayeheshimu mila kama yeye.

Asubuhi Kifaru alikuja na kundi la Nyati, wakaanza kuchimba. Chapu! Chapu! Chapu! Udongo ukaruka. Bwana Tembo amesimama pembeni, kanzu mpya imenyooshwa, anaamrisha kwa mkonga. Mfereji ukasogea, ukasogea, ukabaki kidogo tu kufika majini.

Pwata! Kitu kikaanguka ndani ya mfereji. Alikuwa Bi Mashavu. Akalala chali, miguu juu, macho ameyafumba.

"Nimekufa!" akapiga kelele.

Kifaru akainama. "We Chura, toka humo!"

"Sitoki. Mmechimba kaburi zuri, nimelipenda, nimekufa. Mwiteni mtani wangu aje anililie."

Nyati wakaacha kuchimba, wakaanza kucheka, kwi kwi kwi! Kifaru akainua mguu.

"Weka mguu chini!" Tembo akamkemea. "Huyo ni mtani wangu. Unataka nionekane sina adabu?" Akasogea, akachungulia mferejini, huku naye anajizuia asicheke. "Haya, mtani, umenishika. Sema unachotaka, utoke, kazi iendelee."

"Maiti atataka nini? Anataka kuzikwa. Lakini hapa hapana, nimebadili mawazo, pana unyevu. Unibebe wewe mwenyewe kichwani, mtani, na hawa wachimbaji waje nyuma, wanisindikize kwa heshima. Ukinizika mahali panaponipendeza, rudi uchimbe mpaka uchoke."

Tembo akamwangalia. Maiti mwenyewe kama nusu ya embe. Hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua, akawaza.

"Mmesikia wote," akatangaza kwa sauti ya mkuu. "Nimekubali! Namzika mtani wangu panapompendeza, kisha nachimba."

Akamwinua kwa mkonga, akamweka juu ya kofia. Korongo akatangulia mbele akiimba, Kifaru na kundi zima la Nyati nyuma. Ndu! Ndu! Ndu! Majani yakalala, ardhi ikatetema.

"Tukuzike hapa chini ya mzambarau?" akauliza Tembo.

"Siafu hao, huwaoni? Watanitekenya. Mbele kidogo."

Ndu! Ndu! Ndu!

"Hapa kwenye mawe?"

"Jua lote hili? Unataka kunizika au kunikaanga? Mbele."

"Hapa basi, pana kivuli na upepo."

"Aa! Juu hapo si anakaa Kasuku? Umbea wake mpaka siku ya kiyama? Mtani, hunipendi. Kata kushoto kidogo, ufuate ile michongoma."

Korongo akatunga wimbo papo hapo, na Nyati wakaupokea kwa mabesi:

"Maiti hataki!"

"Hataki, hataki!"

"Mpelekeni mbele!"

"Mbele, mbele!"

Wanyama wakasikia ngoma ya miguu wakatoka majumbani. Ngiri akaacha uji wake mekoni. Pundamilia wakaja na watoto. Kila aliyefika akaingia kwenye msafara, akakanyaga, akaimba. Hata Kifaru, mbishi yule, alianza kutikisa mabega.

Juu ya kofia, Bi Mashavu alikuwa amefumba jicho moja tu. La pili lilikuwa linaangalia njia. Kila tope lilipokaribia alisema pananuka, na Tembo akakata kona. Kila palipokuwa na nchi kavu alisema pana kauzuri kidogo, na Tembo akaongeza mwendo.

Walipokuwa wamekwenda mbali, akapiga ukelele. "Mtani! Simama! Nimesahau sanda yangu nyumbani!"

"Maiti gani anasahau vitu?"

"Aliyekufa ghafla!"

Nyati mmoja alicheka hadi akakaa chini. Tembo akaguna, lakini alikuwa ameshatoa neno mbele za watu. Wakageuka, kundi zima, wakarudi kwa njia ile ile. Ndu! Ndu! Ndu! Wakachukua sanda, yaani jani la yungiyungi, wakaenda tena. Kabla hawajafika mbali, maiti akakumbuka mto wa kulalia. Wakarudi tena. Ndu! Ndu! Ndu! Sasa majani hayakulala tu, yalikuwa yamekwisha kabisa, na udongo umeshikana ukawa mgumu kama sakafu.

"Mtani," Tembo akasema akihema, "ukisahau kitu kingine nakuzika bila hicho kitu."

"Sisahau tena. Twende mbele tu. Nasikia harufu ya mahali pazuri."

Ilikuwa harufu ya vitumbua. Mbele yao palikuwa na ua wa makuti, na mlango, na nyuma ya mlango sauti ikauliza, "Nani hao wanaonitetemeshea vyombo?"

Akatoka mama mkwe.

Tembo akaganda. Mama mkwe akamtazama kuanzia kofia mpaka kwato za wale Nyati walioko nyuma. Akaweka mkono kifuani.

"Mkwe wangu! Umekuja safi hivi? Ingia, baba, ingia ndani! Kaa mkekani!"

Tembo akatazama kanzu yake. Nyeupe pee. Akatazama miguu yake: vumbi kidogo tu. Kisha, polepole, akageuza shingo akatazama alikotoka. Njia ilikuwa imelala pale, pana, ngumu, ikizunguka kinamasi kwa kona nzuri mpaka kijijini. Na kinamasi kilikuwa mahali pake kinameremeta juani.

Wimbo ukakatika. Bi Mashavu alifumbua jicho la pili, akaishika kofia kwa nguvu. Mkonga ule ukiamua kumtupa, ataangukia mwezini.

"Mtani," Tembo akasema kwa sauti ya chini. "Hapa panakupendeza?"

"Pananipendeza mno," akajibu Bi Mashavu. "Tatizo ni kwamba sijisikii kufa tena."

Masikio ya Tembo yakafunguka. Mkonga ukainuka. Tumbo likaanza kutikisika, likatikisika, halafu kicheko kikatoka, bwahahahaha! Kofia ikaruka na Bi Mashavu akaning'inia kwenye sikio. Nyati wakacheka, Pundamilia wakacheka, mama mkwe akacheka ingawa hakujua anacheka nini.

"Amenizungusha!" Tembo akasema akijifuta machozi. "Mimi mzima! Kijidudu hiki kimenizungusha kinamasi kizima, tena na kurudi!"

"Mkuu," Kifaru akauliza, "sasa mfereji?"

"Mfereji wa nini tena? Barabara si hii nimeikanyaga kwa miguu yangu mwenyewe? Kaufukie, leo hii. Niliahidi kuchimba nikishamzika, na huyu hazikiki!"

Akaingia ndani, akakaa mkekani, akala vitumbua mpaka mkeka ukalalamika. Jioni, wakati wa kurudi, vikongwe na wenye watoto wachanga walikuwa wamechoka, basi akawapandisha mgongoni. Wakajipanga vizuri, mmoja nyuma ya mwenzake. Raha iliyoje! Tangu siku hiyo, kila asubuhi Bwana Tembo akawa anapita barabara ile kwenda ng'ambo na kurudi, na anayetaka kupanda anapanda, mkubwa kwa mdogo. Alizunguka kila siku, na wala hakupungua ukubwa.

Na Bi Mashavu? Aliomba ashushwe ukingoni. Akaruka, chubwi! akaingia majini katikati ya watoto wake. Mmoja wao alikuwa ameota miguu miwili midogo ya nyuma, anaipiga piga bila kujua ni ya kazi gani. Bi Mashavu akamtazama, akaanza kulia tena, na safari hii watoto hawakukosea, mama alikuwa anacheza kweli.

Basi, wanangu, shikeni hili: mwenye nguvu akikataa kusikia kwa masikio, mtembezeni taratibu mpaka miguu yake imwambie.