Msumeno wa Fundi Cherehani

Wapendwa, kuna mji mmoja mdogo, tena mdogo hasa. Barabara moja, kisima kimoja, na basi la asubuhi linalopita bila hata kupunguza mwendo. Kuku akivuka barabara, watu wanajua ni wa nani na anakwenda kula mtama wa nani. Ukikohoa chumbani kwako, jirani anakupa pole dirishani.

Katika mji huo alikuwako fundi cherehani. Mshono wake safi, hata maharusi walimjia. Ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, alikaa fundi viatu, na nje ya kibanda chake palikuwa na benchi refu la buluu. Sasa nisikilizeni vizuri. Nguo mtu huiacha kwa fundi akaenda zake. Kiatu je? Utakwenda wapi na mguu mmoja mtupu? Si utakaa usubiri! Basi benchi lile lilijaa kutwa nzima, kahawa, soga na vicheko.

Fundi cherehani akawa anaumia. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, naye alikonda kweli. Wakicheka, anajua wanamcheka yeye. Wakiinua macho wakatazama mlangoni kwake, ndiyo kabisa.

"Wananichungulia nini hawa?" alikiambia cherehani chake, maana hakuwa na mwingine wa kumwambia. "Mimi nashona suti. Yule anabandika soli. Kwa nini watu wawe kwake?"

Jumapili moja, watu wako kanisani wanaimba, akachukua msumeno wake, akavuka barabara, akakata miguu yote ya benchi. Kisha akanawa mikono, akawahi ibada, na sadaka akatoa. Mnacheka? Msicheke. Wengine tumeingia humu na misumeno yetu.

Jumatatu watu wakalikuta benchi liko chini. Wakaacha viatu, wakarudi makwao peku. Barabara ikanyamaza kimya. Fundi cherehani akashona siku hiyo anapiga mluzi. "Sasa tuko sawa," akasema.

Jumatano asubuhi alipanda stuli kushusha jora la kitambaa. Stuli ikateleza, na paja likavunjika. "Jamani, nakufa!" Nani amsikie? Ng'ambo nyundo inagonga soli, na mbele ya nyundo hakuna mtu. Alilala sakafuni mpaka alasiri, ulimi umekauka, anatazama kupitia mlangoni mahali benchi lilipokuwa. Hapo ndipo alipolia, na si kwa sababu ya paja tu.

Mara akasikia, "Hodi, fundi! Nimekuja kuazima msumeno, nikate miguu mipya ya benchi." Fundi viatu akaingia, akamwona. "Maskini! Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi." Akafumba macho. "Jirani, benchi lile nililikata mimi."

"Najua," akasema fundi viatu, huku akimwekea kitambaa chini ya kichwa. "Mji huu una msumeno mmoja. Tulia, usijitikise, naita watu."

Watu wakaja. Machela hapakuwa nayo. Basi wakachukua ubao ule wa buluu, usio na miguu, wakamlaza juu yake, wakambeba mpaka zahanati.

Ndugu zangu, sisi tunasema mji mdogo unachosha, macho ya watu hayaishi. Ni kweli, yanachosha! Lakini mlango wako usipofunguliwa asubuhi, ni macho gani yatakayouliza? Mwenzako amepewa watu, wewe unanuna, unanoa msumeno. Umewahi kujiuliza wale watu wameketi wanatazama wapi?

Leo ukitoka hapa, kabla hujalikata benchi la jirani yako, nenda ukalikalie kwanza. Utaona mlango wako.