Chungu cha Namkunda

Hapo zamani, wakati vijiko vyote vilipokuwa vya mti na kila mtu akitembea na chake kiunoni, palikuwa na kijiji mlimani kilichoitwa Kisangeni. Juu ya kijiji palikuwa na bwawa dogo la udongo, wenyewe wakiliita ndiva. Kutoka kwenye ndiva ulishuka mfereji mmoja. Ulipita mashamba ya juu, ukapita ya katikati, ukaishia mashamba ya chini. Mtu aliyeshika kizibo cha ndiva, aliyeamua nani anyweshe shamba leo na nani angoje kesho, aliitwa mgawa maji. Kila mwaka, kabla ya kupanda, wanakijiji walimchagua.

Walimchaguaje? Hapo ndipo penye utamu. Mababu wa Kisangeni walikuwa watu wa adabu. Walisema si vizuri kumwita mtu kutoka shambani kwake, kumkalisha juani na kumjaza maneno, ilhali tumbo lake ni tupu. Basi wakaweka mila: mwenye neno la kusema mkutanoni aje na chungu cha makande, mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja. Watu watakula, yeye atasema. Chungu kikiisha ataketi, ampishe mwenzake.

Mila nzuri, sivyo? Ilikuwa nzuri kweli, siku zile ambazo vyungu vyote vililingana.

Sasa, alikuwako mwanamke mmoja aitwaye Namkunda. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, pale mfereji unapokata tamaa. Marehemu mama yake alimwachia magimbi yaliyokuwa na majani mapana kama masikio ya tembo. Lakini msimu baada ya msimu maji yalikoma kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani, na majani ya magimbi yakawa ya njano, yakajikunja. Namkunda alijua kuwa mwaka huu maji yasipofika, magimbi yatakufa, naye atapanda juu kuomba kibarua katika mashamba ya Senzota.

Senzota ndiye aliyekuwa tajiri wa Kisangeni. Lakini msimfanye zimwi! Alikuwa mtu mwenye kicheko kikubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Mtoto akiugua, Senzota alituma maziwa. Mzee akifiwa, Senzota alituma mbuzi. Mashamba yote ya juu yalikuwa yake, na nusu ya kijiji ilimfanyia kazi. Na kila mwaka, siku ya mkutano, vyungu vyake vililetwa vikining'inia kwenye mti begani mwa wanaume wawili wawili, makande yenye nyama na samli, na nyuma ya vyungu alikuja mpwa wake Mbonea, akipangusa midomo tayari kwa kusema.

Mbonea alisema. Chungu cha kwanza kikaisha, kikaletwa cha pili. Cha pili kikaisha, kikaletwa cha tatu. Jua lilipoanza kushuka, maskini mmoja alisimama na kichungu chake. Watu wakachota mara moja moja. Chungu kikaisha, akaketi. Akasimama mwingine. Chungu kikaisha, akaketi. Kisha watu wakamchagua Mbonea. Hakuna aliyenunuliwa, wanangu. Walikuwa wamesikia sauti moja tu mchana kutwa, wakaondoka wakidhani ni mawazo yao wenyewe.

Mwaka huo Namkunda akasema, "Safari hii nasimama mimi."

Alikwenda kwa jirani yake, Nanzia, mwanamke mtu mzima mwenye ulimi mkali na moyo laini.

"Dada Nanzia, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Uso huo ni wa kuomba chumvi au wa kuomba ugomvi?"

"Naomba mahindi na maharage. Nataka kusema mkutanoni."

Nanzia akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe? Chungu chako kile chenye ufa? Mrindoko peke yake atakimaliza kabla hujasema hamjambo!"

"Basi nitasema hamjambo, na watajua kuwa kule chini kuna mtu."

Nanzia akatazama juu ya meko. Pale, katika moshi, ndipo alipotundika kapu la mbegu zake za mwaka, mahindi na maharage, wadudu wasiyale. Chakula kingine hakuwa nacho. Akachukua fimbo ndefu, akaangua kapu lote.

"Dada, hizi si mbegu?"

"Nitapanda nini pasipo na maji, mawe? Chukua kabla sijazinduka."

Siku ya mkutano ikafika. Watu wakaketi kando ya mfereji mkavu, mbele yao vyungu vya Senzota. Mbonea akasimama, akasema. Alisema vizuri, tusimwonee.

"Ndugu zangu, tuyashibishe kwanza mashamba ya juu. Yakishiba, maji yatateremka yenyewe hadi chini. Je, maji hupanda mlima?"

"Hayapandi!" wakajibu watu, midomo imejaa.

Chungu kikaisha, kikaletwa kingine. Kikaisha, kikaletwa kingine. Mwishowe Mbonea akaketi, tumbo limemtangulia, kwa maana naye alikuwa ameonja kila chungu.

Namkunda akainuka. Akaweka kichungu chake katikati na, kama Nanzia alivyobashiri, wa kwanza kukifikia alikuwa Mrindoko.

Mrindoko huyu alikuwa kibarua wa Senzota, mtu mrefu, mwembamba, ambaye hakuna aliyejua chakula kilikwenda wapi mwilini mwake. Kijiko chake kilikuwa kama upawa. Akakizamisha, akapeleka kinywani, akatafuna. Halafu akaacha kutafuna. Makande yalikuwa na ladha ya moshi. Si moshi wa kupikia, bali ule mkavu, mkongwe, wa mahindi yaliyoning'inia juu ya meko miezi mingi. Mtu wa Kisangeni hakosi kuitambua ladha hiyo: ni ladha ya mbegu. Akageuka akamtazama Namkunda, kisha akamtazama Nanzia, naye Nanzia akatazama pembeni.

Mrindoko akameza. Akalamba kijiko chake kikakauka, akakirudisha kiunoni.

"Mrindoko, unaumwa?" mtu mmoja akauliza.

"Nimeshiba."

Loo! Watu walicheka hadi ndege wakaruka mitini. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno hilo. Mama yake mzazi alisimama kumpapasa paji la uso.

"Nimesema nimeshiba," akarudia Mrindoko. "Na kama chungu hakijaisha, mwenye chungu hajamaliza kusema. Si ndivyo mila yetu?"

Kicheko kikapungua. Watu wakatazamana. Mababu walipoweka mila ile walifikiria chungu kidogo, wakafikiria na chungu kikubwa. Hawakuwahi kufikiria chungu kisicholiwa. Nani angeacha makande?

Jirani mwingine wa Namkunda akachomoa kijiko, akakitazama, akakirudisha. Na mtu wa mashamba ya katikati naye akakirudisha chake. Watu wa chini, ambao ndio waliokuwa na njaa kuliko wote, wakakunja mikono wakakitazama chungu kikitoa mvuke mbele ya pua zao.

Mbonea akaruka. "Kuleni! Mnangoja nini? Chungu kipoe?" Alipoona hakuna anayesogea, akachomoa kijiko chake mwenyewe akaanza kula. Alikula kijiko cha kwanza. Alikula cha pili. Cha tatu kilikaa shavuni, maana nyama ya mjomba ilikuwa imeziba njia yote. Akatafuna, macho yakamtoka, jasho likamtiririka.

"Mpigeni mgongoni!" Nanzia akapaza sauti. "Maji yake ya juu hayateremki!"

Hapo vibarua wa Senzota walimtazama tajiri wao. Walikuwa wengi, na vijiko vyao vilikuwa mikononi. Neno moja tu, nao wangekimaliza chungu kile kabla hujapepesa macho. Namkunda naye alimtazama. Aliona kidevu cha Senzota kikisogea, kama anayetaka kusema.

Senzota akasema, "Mbonea, weka kijiko. Unaniaibisha. Mila ni mila. Sema, binti yangu."

Basi Namkunda akasema. Mwanzoni sauti ilikuwa kama ya kifaranga, baadaye ikapata miguu. Aliwaeleza jinsi maji yanavyokoma. Aliwataja majirani waliohama, mmoja mmoja, na watu wakashtuka kwa kuwa walidhani wamekwenda kutembea tu. Akasema, "Mwenzetu anasema juu pakishiba maji yatateremka. Nimekaa chini nikisubiri pashibe. Ndugu zangu, hivi mmewahi kusikia shamba likisema limeshiba? Mimi nimemsikia Mrindoko tu, na ni leo."

Akamalizia hivi: "Mkinipa kizibo, maji yataanzia mkiani. Shamba la mwisho lianze, na la juu limalizie."

Jua lilipokaribia mlima, Mbonea akasimama ng'ambo moja ya mfereji, Namkunda ng'ambo ya pili. Watu wakavuka, kila mmoja upande wa yule amtakaye. Walivuka kwa Namkunda, wengi kuliko kwa Mbonea, na makande yalikuwa yamepoa yakaganda, bado nusu chungu.

Je, hadithi imekwisha? Bado. Ningekuwa mtu wa kuwadanganya ningeishia hapo, tupige vigelegele tukalale.

Asubuhi yake Namkunda alipanda kwenye ndiva kushika kizibo kwa mara ya kwanza. Akachungulia bwawani. Kiangazi kilikuwa kimenyonya. Maji yaliyokuwepo yalitosha shamba moja tu, na mvua hakuna aliyejua itakuja lini. Aligeuka, akakuta watu watatu wamemngoja.

Nanzia akasema, "Mdogo wangu, sikuja kudai. Lakini kapu langu ni tupu. Shamba lenye maji hupata mwenye mbegu wa kulima naye nusu kwa nusu. Shamba kavu halipati mtu. Bila mbegu zangu kisingekuwapo chungu. Nipe mimi maji ya kwanza."

Mrindoko akasema, "Shemeji, mbegu zilipikwa, sawa. Lakini ningezila mimi zote, ungesema nini? Hamjambo? Jana Mbonea aliniambia nisikanyage tena shamba la mjomba wake. Nimebakiwa na kijishamba changu cha maharage pale katikati, na tumbo hili mnalijua. Bila kijiko changu kurudi kiunoni chungu kingeisha. Nipe mimi maji ya kwanza."

Senzota akasema, naye hakuwa akicheka, "Binti yangu, ukuta wa ndiva ulipobomoka nani alichinja fahali watu wakala, wakajenga? Bila mimi ungeshika kizibo cha shimo kavu. Na jana ningesema neno moja tu, unajua. Sikulisema. Tena mashamba yangu yakikauka, nusu ya kijiji haitakuwa na kibarua. Nipe mimi maji ya kwanza."

"Yaani unataka ulipwe kwa kunyamaza?" Nanzia akamrukia.

"Na wewe hutaki kulipwa kwa kupika?" Senzota akamjibu. "Mama, mimi nilileta vyungu nikapewa maji, mkasema vibaya. Wewe ulileta chungu, unataka maji. Nifundishe tofauti, nami nitashuka nyumbani."

"Chungu changu kilikuwa cha mwisho nilichokuwa nacho," Nanzia akasema polepole. "Vyako vilikuwa vya kwanza tu kati ya vingi."

Mrindoko akakuna kichwa. "Wote mna haki. Ndiyo maana nina njaa."

Namkunda alicheka kidogo, kisha machozi yakamjaa. Aliwapenda wote watatu, hata Senzota, ambaye maziwa yake alikunywa alipokuwa mtoto mgonjwa. Akatazama chini bondeni. Kutoka pale juu aliweza kuona mkia wa mfereji, na kule mwisho kabisa kiraka cha njano. Alikuwa ameahidi mbele ya kijiji kizima kwamba maji yataanzia shamba la mwisho. Na shamba la mwisho, wanangu, lilikuwa la nani?

La Namkunda mwenyewe.

Akiwapa waliomsaidia, atakuwa amelipia chungu kwa maji ya watu wote, kama Mbonea. Akitimiza ahadi yake, atakuwa mgawa maji aliyejigawia kwanza, na nani atamwamini tena? Akivunja ahadi yake siku ya kwanza, ataanzaje ya pili? Na magimbi ya mama yake hayawezi kungoja ajibu.

Nanzia alimtazama. Mrindoko alimtazama. Senzota alimtazama. Namkunda akainama, akakishika kizibo kwa mikono miwili, na udongo mbichi ukapenya kati ya vidole vyake.

Hapo ndipo nilipomwacha, na hapo ndipo ninapowakabidhi ninyi hadithi. Wa mbele mseme, na wa nyuma msikilizwe vilevile, hata kama hakuna aliyekuja na chungu. Mwenye mbegu, mwenye kijiko, mwenye ukuta, au mwenye shamba la mwisho: je, nani alistahili maji ya kwanza?