Karamu za Panya wa Shamba la Mtama

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri. Na wewe uliyejinyoosha hapo motoni, kunja miguu, wenzako wamebanana. Ya leo haina raha, nawaambia mapema.

Hapo zamani za kale, chini ya shamba la mtama, ukoo wa panya uliishi ndani ya shimo moja. Mkubwa wao alikuwa Mzee Kucha. Desturi yao ilikuwa hii: mtoto akizaliwa, ghala hufunguliwa, ukoo mzima ule ushibe.

Masika ya mwaka mmoja mvua ilinyesha, ikanyesha, ikanyesha. Mtama ukazaa, panya nao wakazaa. Leo karamu kwa huyu, kesho kwa yule. Mama mmoja, Mashavu, alikuwa na binti wa pekee, Kidawa, aliyechelewa kukua kwa msongamano wa shimoni. Mashavu akaona ghala linapungua, akamwendea mkubwa.

"Baba, tusifungue ghala. Kiangazi kinakuja, na mwanangu bado hajazaa."

"Mtoto kazaliwa, ghala lifunguliwe," akajibu Mzee Kucha. "Wenzio uwanyime, wewe ukipata mjukuu utataka tule nini?"

Shimo likajaa hadi wakalala wamepandana. Wakaanza kung'atana mikia. Mashavu akaenda tena.

"Baba, tusifungue ghala."

"Mtoto kazaliwa, ghala lifunguliwe."

Mvua ikakatika. Watu wakavuna mtama wao, wakaondoka na kila punje. Kidawa sasa ana mimba. Mashavu akaenda mara ya tatu, analia, na jibu likawa lile lile.

Kidawa akajifungua wakati ardhi imekauka kabisa. Ukoo ukaja kama ilivyo desturi, ukasimama mlangoni. Mzee Kucha akafungua ghala. Ndani mlikuwa na makapi matupu.

Wageni hawakuondoka. Wakawa wanavitazama vile vichanga.

Mashavu akaziba mlango kwa mwili wake. "Jamani, hawa ni damu yenu."

"Tunajua, dada," akasema mmoja kwa upole. "Lakini tuna njaa."

Wakaingia.

Haikuwasaidia. Njaa iliwamaliza mmoja mmoja, Mashavu na Mzee Kucha wakiwamo. Mvua iliporudi ilimkuta Kidawa peke yake. Mtama ukastawi. Alikula akashiba, akajilaza katikati ya shimo, na usingizi haukuja kwa ule upana wa shimo tupu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mtakaolala nayo, poleni.